Vidonge vya ngozi na nywele: Tujue kwanza tunachomeza

UKIPITA leo katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Darajani kule Unguja, utaona vichupa vya vidonge vimepangwa bega kwa bega na mafuta ya nywele na losheni. Juu ya kichupa kuna picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu zinazong'aa, na chini yake ahadi ya ngozi nyororo na kucha ngumu. Vingine havinunuliwi hapa, huja katika mizigo ya ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, mama akaletewa viwili na binti zake wakagawana. Ukiuliza ni dawa gani hizo, jibu ni lile lile: "Siyo dawa, ni vitamini tu."

Hilo neno "tu" ndilo linalonisukuma kuandika wiki hii. Vitamini ni kitu chenye nguvu. Kingekuwa hakina nguvu, kusingekuwa na haja ya kukimeza. Na kila kitu chenye nguvu mwilini kina kiasi chake, kina mtu anayekihitaji na kina mtu kinayemdhuru.

Nguvu yenyewe haina ubishi. Mwaka 1747 tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwapa mabaharia 12 waliokuwa wakiugua kiseyeye tiba mbalimbali, wawili wawili. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu kwa haraka. Ugonjwa huo hutoboa ufizi, huacha madoa ya damu kwenye mashina ya vinyweleo na kuzifanya nywele za mwilini zijipinde, yote kwa kukosa vitamini C. Hata karibu na kwetu mambo haya yametokea. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra kwa maelfu. Ni ugonjwa wa kukosa vitamini ya kundi B iitwayo niasini, nao hubabua ngozi ya shingo, mikono na miguu inayopigwa na jua. Wakimbizi wale walikuwa wakiishi kwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekoma kuletwa. Mama zetu pia wanamjua mtoto wa utapiamlo ambaye nywele zake hubadilika rangi zikawa nyekundunyekundu na kung'oka kirahisi.

Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji. Wote hao walikuwa wamepungukiwa. Walirudishiwa kilichopungua na ngozi ikarudi. Haifuati kwamba mtu ambaye hajapungukiwa akiongezewa atapata ngozi nzuri kuliko aliyonayo. Mtungi ukijaa umejaa, maji ya ziada humwagika sakafuni. Na kwa baadhi ya vitamini, kama tutakavyoona, hayamwagiki bali hubaki ndani na kuharibu.

Kwa nini basi watu wengi huapa kwamba vidonge viliwasaidia? Hapa inabidi tuelewe kidogo jinsi nywele zinavyoota, kwa sababu humo ndimo biashara yote ilimojificha. Unywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, miaka kadhaa mfululizo, kisha hupumzika miezi michache na kudondoka ili mwingine uote. Kudondoka nywele kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa. Mwanamke anapokuwa mjamzito, homoni huzizuia nywele nyingi zisidondoke kwa wakati wake, ndiyo maana wengi huonekana na nywele nzito katika mimba. Akishajifungua, zile zote zilizochelewa huingia mapumziko kwa pamoja, na kiasi cha miezi mitatu baadaye huanza kutoka kwa mkupuo. Mama anashika kitana anaona nywele zimejaa, anapata hofu, shoga yake anampeleka dukani. Anameza vidonge miezi minne, mitano. Nywele zinarudi. Kidonge kinasifiwa mtaa mzima.

Ukweli ni kwamba nywele hizo zingerudi hata kama mama huyo angemeza maji matupu. Hali hii hujirekebisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi sita hadi mwaka mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeugua homa kali, aliyefanyiwa upasuaji au aliyepatwa na msiba mzito: nywele hutoka miezi miwili mitatu baadaye, kisha huota tena. Muuzaji hana haja ya kusema uongo, kalenda inamfanyia kazi.

Kuna waliopungukiwa kweli, na hao ndio ninaowahurumia zaidi, kwa sababu kichupa cha urembo huwachelewesha. Mwanamke anayepata hedhi nzito, au aliyezaa mfululizo, anaweza kuwa na upungufu wa madini ya chuma. Nywele zinamtoka, anahema akipanda ngazi, viganja vimepauka. Huyu anahitaji kupimwa damu, na pengine vidonge vya kuongeza damu vile vile vya kliniki ambavyo wengi huvidharau kwa kuwa havina picha nzuri juu ya kopo. Mwingine tezi yake ya shingoni haifanyi kazi sawasawa. Mwingine ana mapunye, ugonjwa wa fangasi ambao hakuna vitamini itakayouondoa. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya fangasi ya kumeza anayoandikiwa hospitali. Na wapo ambao nywele za mbele kwenye paji la uso zinaisha kwa sababu ya kusukwa kwa kukaza mno tangu utotoni, au kwa kufunga kilemba na ushungi kwa nguvu juu ya nywele zilizovutwa nyuma. Hapo dawa ni kulegeza. Ukichelewa sana, vishina vya nywele hufa na hazioti tena.

Vitamini A: kipenzi kinachouma

Tuje kwenye madhara, na nianze na vitamini A kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi kwa ajili ya ngozi. Mwanamke mzima anahitaji mikrogramu 700 kwa siku, mwanamume 900. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kukivuka ni mikrogramu 3,000, ambazo kwenye lebo nyingi huandikwa IU 10,000. Vitamini hii haitoki na mkojo. Hukaa kwenye ini na kurundikana. Ikizidi kwa muda mrefu, ngozi hukauka na kuchanika, midomo hupasuka, kichwa huuma, ini huumia, na nywele hutoka. Naomba sentensi hiyo isomwe tena: nywele hutoka. Yule anayemeza vitamini A nyingi ili aoteshe nywele anaweza kuwa anazing'oa kwa mkono wake mwenyewe, na kadiri zinavyotoka ndivyo anavyoongeza vidonge.

Jambo hili lilionekana zamani kabla hata neno vitamini halijabuniwa. Mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi wa msafara wa Willem Barents, waliokuwa wamekwama kwenye barafu huko Novaya Zemlya, kaskazini ya mbali, walikula ini la dubu mweupe. Waliugua, na watatu kati yao hali ikawa mbaya mno hata ngozi ikawachubuka kutoka kichwani hadi miguuni. Ini la dubu huyo lina vitamini A nyingi kupindukia. Sisi hatuli dubu, lakini ini la ng'ombe tunalipenda, na kipande cha gramu 85 tu kilichopikwa kina zaidi ya mikrogramu 6,000. Kwa mtu mzima mwenye afya, kula maini mara moja moja si tatizo. Tatizo ni pale kila kitu kinapokutana mwilini kwa siku hiyo hiyo: kidonge cha nywele asubuhi, kijiko cha mafuta ya ini la samaki mchana, vidonge vya "mama mjamzito" jioni, na maini kwenye meza ya chakula cha usiku. Kila kimoja kina vitamini A, na hakuna aliyejumlisha.

Na hapa nazungumza na wanandoa moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000, ulikadiria kwamba miongoni mwa waliokuwa wakimeza zaidi ya IU 10,000 za vitamini A kwa siku kutoka kwenye vidonge, takriban mtoto 1 kati ya 57 alizaliwa na kasoro iliyotokana na vidonge hivyo. Madhara yalikuwa zaidi kwa waliovimeza kabla ya wiki ya saba ya ujauzito. Sasa ni wanawake wangapi wanajua kwa hakika kwamba ni wajawazito kabla ya wiki ya saba? Ndiyo maana nasema mwanamke yeyote aliye katika ndoa na anayetarajia au anayeweza kupata mimba asimeze kidonge cha ngozi au nywele chenye vitamini A nyingi, siyo tu yule ambaye tumbo limeshaonekana. Na anayetumia dawa za kumeza za chunusi sugu za jamii ya vitamini A, ambazo zenyewe haziruhusiwi kabisa katika ujauzito, asiongeze kidonge kingine cha vitamini hiyo juu yake.

Lebo huiandika kwa majina kadhaa yanayoanza na herufi "retin". Hiyo ndiyo ya kuhesabu. Ile iliyomo katika maembe, mapapai, karoti, mchicha na matembele ni ya aina nyingine, mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, na ukila nyingi sana utakachoona ni viganja kuwa na rangi ya manjano.

Nitoe tahadhari ili nisieleweke vibaya. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu kila baada ya miezi sita, kuanzia umri wa miezi sita hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, ni jambo jingine kabisa. Kiasi chake kimepangwa kwa ajili ya umri huo, na yanalinda macho na maisha yao. Mzazi asisome makala hii akamficha mtoto siku ya matone.

Kichupa kikikosewa kiwandani

Wapo watakaosema kwamba wao wanafuata maelekezo ya kichupa, hawazidishi. Mwaka 2008 nchini Marekani watu zaidi ya 200 katika majimbo 10 walifuata maelekezo ya kichupa. Walikuwa wakinywa lishe ya nyongeza ya maji yenye madini ya seleniamu, ambayo mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu kwa siku. Lebo ilisema mikrogramu 200. Kwa makosa ya utengenezaji, ndani mlikuwa na kiasi cha mara 200 zaidi ya hicho, mikrogramu elfu 40 na ushee katika kila kipimo cha siku. Watu waliharisha, wakachoka, viungo vikauma, na karibu watu saba kati ya kumi walitokwa na nywele. Kucha zilibadilika rangi na kukatikakatika. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Kichupa kisicho na jina la mtengenezaji linaloeleweka, wala namba ya toleo, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, kilichofungwa upya kwa mkono na kuuzwa na mtu anayepita ofisini, tunakiamini kwa hoja gani?

Maoni yangu ni kwamba vidonge hivi havina mahali katika duka la vipodozi. Vinunuliwe famasi, ambako kuna mtu aliyesoma unayeweza kumuuliza. Anayeuza rangi ya kucha hawezi kukuambia kama kidonge hiki kinagongana na dawa yako ya presha, na si haki kumtwisha swali hilo.

Kugongana kwenyewe ni jambo la kila siku. Madini ya chuma na kalsiamu huizuia dawa ya tezi isifyonzwe vizuri, yapaswa kupishana kwa saa nne. Baadhi ya antibayotiki, kama doksisaikilini, nazo hushikwa tumboni na chuma na zinki. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiguse vitamini E wala K bila daktari wake kujua. Zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huufukuza madini ya shaba mwilini, na vitamini B6 nyingi huharibu mishipa ya fahamu, mtu akaanza kufa ganzi mikono na miguu.

Kisha kuna biotini, ambayo wengine huiita vitamini B7, mfalme wa vichupa vya nywele. Mtu mzima anahitaji kiasi cha mikrogramu 30 kwa siku, na mayai, samaki, karanga na nyama vinatosha kuileta. Vidonge vinavyouzwa vina mikrogramu 5,000, hata 10,000. Upungufu wa kweli wa biotini ni nadra, na kwa asiye nao hakuna ushahidi wa maana kwamba inaotesha nywele. Haijulikani kuwa sumu, hilo nalikubali, lakini ina hila moja: inavuruga vipimo vya maabara. Mwezi Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba biotini nyingi katika damu inaweza kukipa majibu ya uongo kipimo cha mshtuko wa moyo, na ikataja mgonjwa mmoja aliyefariki baada ya kipimo chake kusomeka chini kimakosa. Onyo hilo lilirudiwa mwaka 2019. Vipimo vya tezi na vya homoni navyo huweza kudanganywa. Kwa hiyo unapokwenda kutoa damu, mwambie daktari kila unachomeza, hata kile unachoona aibu kukitaja. Mume pia ajue anachomeza mkewe, na mke ajue anachomeza mumewe, kwani siku ya dharura mgonjwa huenda asiweze kusema.

Ganda la kidonge na saa ya kumeza

Kwa nyumba za Kiislamu kuna swali jingine ambalo halimo katika vitabu vya lishe. Vidonge vingi vya ganda laini hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe. Lebo mara nyingi husema jelatini bila kusema ya mnyama gani. Wanazuoni wanazo kauli zao kuhusu kitu kilichobadilika asili yake, na mwenye haja awaulize. Lakini hapa tunazungumzia urembo, hatuzungumzii mgonjwa aliyekosa dawa nyingine. Yapo maganda yanayotengenezwa kwa mimea, vipo vidonge vikavu visivyo na ganda, na zipo bidhaa zenye alama ya halali. Mtu ana nafasi ya kuchagua.

Katika Ramadhani, aliyeandikiwa vidonge vya chuma avimeze wakati wa futari au baadaye usiku, pamoja na juisi ya chungwa au ukwaju, asivimeze na chai. Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa, nasi ndio watu wa kufuturu kwa chai. Vitamini A, D na E huingia vizuri zaidi zikiambatana na chakula chenye mafuta.

Upungufu mmoja ambao ninadhani tunauchukulia wepesi ni wa vitamini D. Hata katika nchi za Ghuba zenye jua kali, uchunguzi umekuta mara nyingi wanawake wengi wana kiwango cha chini, kwa sababu maisha yao ni ya ndani na ngozi haipati jua. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Ua wa nyumba upo, na mwanamke anaweza kukaa uani mikono na miguu ikapata jua mara kadhaa kwa wiki. Anayeumwa mifupa na misuli bila sababu apimwe. Asianze mwenyewe vidonge vikubwa, kwani vitamini D nayo hurundikana, na mtu mzima hashauriwi kuvuka IU 4,000 kwa siku bila daktari.

Ama aliyekwisha nunua kichupa na hataki kukitupa, asome jedwali nyuma yake. Kuna safu ya asilimia ya mahitaji ya siku. Kidonge ambacho vitamini zake nyingi ziko karibu na asilimia 100, kimoja kwa siku, kwa mtu ambaye si mjamzito wala hatumii dawa nyingine, kwa kawaida hakina hatari. Ukiona mamia ya asilimia mbele ya vitamini A, vitamini D, zinki au seleniamu, kirudishe. Na usitumie vichupa viwili kwa pamoja. Vile viitwavyo vitamini lakini kazi yake ni kuifanya ngozi iwe nyeupe, si vitamini. Vingi ni glutathioni, na mamlaka ya dawa ya Ufilipino imeshaonya watu dhidi ya sindano zake za kujing'arisha.

Bei ya kichupa kimoja ingenunua trei za mayai, dagaa, karanga, mbegu za maboga na mapera ya mwezi. Pera moja lina vitamini C ya kutosha siku nzima. Unywele wenyewe umejengwa kwa protini, na nimeona mabinti wanaofunga mlo ili wapungue huku wanameza vidonge ili nywele ziote.

Mwisho, mahali pa kuviweka. Vidonge vya chuma vimewahi kuwa sababu kubwa ya vifo vya sumu kwa watoto wadogo nchini Marekani, hata mwaka 1997 serikali ikalazimisha onyo kuandikwa kwenye vichupa. Siku hizi vitamini zinatengenezwa kama peremende laini, zenye ladha ya matunda na sura ya dubu. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kutofautisha. Viwekwe juu kabatini, kwenye chombo chake chenye kifuniko cha kukaza, na asiambiwe kamwe kwamba ni pipi. Akivila, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na kichupa chenyewe, hata kama anacheza na anaonekana mzima, kwa kuwa sumu ya chuma hutulia kwa saa kadhaa kabla ya kurudi kwa kishindo.